Kiti cha Shangazi

Semisi alikuwa hajaingia ndani ya nyumba ya dada yake Kalasia tangu alipobalehe na sauti yake ikawa nzito, na Kalasia hakuwa na kitu alichojivunia kuliko hicho.

Kwetu visiwani Vava'u, mwanamume anayemheshimu dada yake humkalia mbali. Hali naye sahani moja, hamtanii, hakai naye chumba kimoja, na filamu ya uwanjani ikianza kuonyesha mambo ya mapenzi mmoja wao hutoka nje kimyakimya akajidai anakwenda kuwatazama nguruwe. Wageni huona ni uadui. Waache waone hivyo.

Kalasia alizaliwa akadhaniwa mvulana, akabatizwa kwa jina la kiume ambalo sitalitaja, maana mwenyewe alikwisha kulizika. Watu wa namna yake tunawaita leiti, na hakuna ukoo visiwani usio na wake, hata ule unaoapa kwamba hauna. Wavulana walimtania, mchungaji alimwombea, mama yake akamkalisha kwenye gogo pamoja na wasichana akamfundisha kugonga magome ya mforosadi mpaka yawe nguo. Hayo yote aliyapokea kama yalivyokuja. Lakini mdogo wake Semisi, mtoto mwenzake wa pekee, alipofikia umri wa kuota ndevu, alibeba mkeka wake asubuhi moja bila kuambiwa na mtu, akahamia kibanda cha wavulana ili asilale nyumba moja na dada yake. Kalasia alikwenda nyuma ya jiko akalia kwa furaha. Hakuna aliyewahi kumpa zawadi kubwa namna ile, na aliyeitoa alikuwa mvulana mwenye chunusi aliyeona haya hata kumtazama.

Tangu hapo, Semisi akiwa na neno husimama nje ya dirisha, uso kaugeuzia barabarani, na Kalasia humjibu kutoka ndani. Waliishi hivyo mpaka mvi zikawaota. Mke wa Semisi alipokwenda Nyuzilandi kuchuma matofaa akanogewa asirudi, Semisi alimleta bintiye Luseane, mchanga bado, akamweka kizingitini na kusema kupitia dirishani, "Dada, mtoto wako huyu." Kalasia akamlea. Alimwogesha, alimsuka, alimfundisha sala na ngoma, akamchapa alipostahili kuchapwa. Luseane alikua akimwita shangazi, na alipomwita hivyo hapakuwa na mtu kijijini aliyegeuza shingo.

Sasa Luseane alikuwa anaolewa na Sitiveni, kijana wa ukoo wenye watu wengi Oklandi, kulekule Nyuzilandi, na Kalasia alikuwa anangoja kitu kimoja tu. Kwetu, dada wa baba ndiye mkubwa wa shughuli. Tunamwita fahu. Huketi peke yake juu ya wote. Nguo ya magome iliyo pana kuliko zote hutandikwa miguuni pake, keki ya juu kabisa huwa yake, na baba mtu aliyechinja nguruwe wake wote hukaa chini kama jirani aliyealikwa. Kiti hicho hakiombwi wala hakinunuliwi. Mwanamke hukikalia kwa sababu ndugu yake amezaa. Kalasia alikuwa ameshona magauni ya kila sherehe, amepamba kanisa kila Pasaka, amechekesha kila hadhira, na kotekote alikuwa mtu wa kukaribishwa. Kwenye kiti hiki asingekaribishwa. Angekaa kwa haki yake.

Wanawake wenzake waliokuwa wakigonga magome walijua hivyo, kwa hiyo hawakumwacha apumue.

"Wewe Kalasia," alisema Nunia, shoga yake wa tangu utoto, bila kusimamisha nyundo yake ya mti, "siku hiyo usije ukakaa pale ukasahau kushuka."

"Nishuke niende wapi? Chakula mtaniletea hapohapo. Na wewe utanipepea."

"Nikupepee mimi? Mimi nimekuzidi umri, nimekuzidi na mwili."

"Mwili umenizidi, shoga, hilo wala sibishani nawe."

Wakacheka mpaka mapigo yakaharibika, ikabidi waanze upya.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hata Nunia hakulitania. Kalasia alikuwa mtunzi. Nusu ya nyimbo zilizoimbwa upande wetu wa ghuba zilitoka kichwani mwake: za wakuu, za shule, za timu ya raga, hata za marehemu ambao hakuwapenda. Na utungo wa kwetu haumtaji mtu wazi. Humficha ndani ya ua, ndani ya jina la upepo au la mahali, na wajuao wanajua. Kalasia alikuwa amewaficha watu wote wa kijiji kile katika maua, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kujitia katika ubeti hata mmoja. Alikuwa haoni pa kujitia. Sasa, katika wimbo wa kumchezesha Luseane siku ya harusi, alijitia ndani ya heilala, ua jekundu la kwetu:

*Heilala la nyuma ya nyumba,*
*lililochanua bila kupandwa,*
*ndilo lililokusuka nywele,*
*ndilo leo limekaa juu.*

Alipowaimbia wenzake mara ya kwanza, Nunia alifuta macho kwa ncha ya kanga akasingizia vumbi la magome. Kisha Kalasia akamfundisha Luseane namna ya kuucheza, maana ngoma yetu ni ya mikono na kila neno lina mkono wake. Kwa heilala, vidole hukusanywa pamoja kifuani halafu hufunguliwa polepole. Luseane aliushika mkono huo haraka, akaurudia mpaka ukawa wake.

Wiki ya harusi, alasiri moja, Kalasia alikuwa akipiga pasi gauni lake alipoona mlango unaingia giza. Semisi aliinamisha kichwa, akaingia, akaketi kitandani.

Kalasia aliweka pasi chini.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hajafa mtu. Kaa tuongee."

"Toka, Semisi. Nitakusikia kupitia dirishani."

"Aa, acha mambo hayo. Sisi si watoto." Alitoa sigara, akawasha moja, akamsogezea pakiti. "Vuta."

Katika maisha yake yote Kalasia hakuwahi kumwona ndugu yake akivuta sigara, ingawa alijua kuwa anavuta. Aliitazama ile pakiti kana kwamba amenyooshewa kisu.

"Telesia anakuja kutoka Oklandi," Semisi akasema. "Yeye ndiye atakayekaa."

"Telesia yupi?"

"Telesia wetu. Binti wa baba mkubwa."

"Huyo hamjui Luseane hata kwa sura."

"Atamjua. Wakwe wamesema, Kalasia. Wanasema hawawezi kuleta mikeka yao mizuri waje kuitandika miguuni pa... Si unajua mwenyewe wanavyosema."

"Sijui. Niambie wewe."

"Miguuni pa mwanamume."

Nje kuku walikuwa wakigombana. Kalasia alingoja watulie.

"Na wewe ukawajibu nini?"

Semisi alikung'uta majivu sakafuni, juu ya mkeka ambao mama yao aliusuka. "Ningewajibu nini? Kwa damu wewe ni baba yake mkubwa, huo ndio ukweli, tusidanganyane. Ukitaka kukaa mbele, kaa na sisi akina baba, shati nitakununulia mimi. Au ngoma ikianza ucheze nyuma ya binti, ile michezo yako. Watu wanapenda sana ukicheza. Utawavunja mbavu." Kisha akampiga kofi la gotini, akacheka kile kicheko wanachocheka wanaume wakiwa barazani wakinywa kava. "Usinune, kaka. Ni siku moja tu."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Matusi Kalasia aliyazoea, alikuwa na majibu yake tele. Lakini kofi lile la gotini, kofi la mwanamume kwa mwanamume mwenzake, lilifuta miaka yote ya dirishani. Alihisi aibu, kisha hasira, kisha hofu ya ajabu kwamba labda Semisi alikuwa akijilazimisha muda wote ule, akisimama nje kwenye jua ili kumridhisha, na leo amechoka.

"Luseane anajua?" aliuliza.

Semisi aliitazama sigara yake. "Mwache mtoto na harusi yake."

Mfa maji haachi kutapatapa. Kalasia alilikamata neno hilo kwa mikono miwili: kumbe mtoto hajui. Wakubwa wameamua, wakwe wamebana, baba amelegea, na mtoto hajui. Semisi alipotoka, Kalasia alifungua madirisha yote moshi utoke, akamalizia kupiga pasi gauni ambalo sasa halikuwa na pa kwenda.

Nunia alimwambia abaki nyumbani siku ya harusi. Wengine pia walimwambia. Mimi ningebaki, na ningefunga mlango kwa komeo.

"Nisipokwenda atadhani nimemkasirikia yeye," Kalasia alisema. "Kosa si lake."

Basi alikwenda, lakini hakukaa na akina baba, wala hakucheza nyuma ya mtu. Alivaa gauni la kazi, akaingia kwenye banda la wapishi nyuma ya turubai, akafungafunga nyama ya kopo na tui katika majani ya magimbi pamoja na wanawake wengine. Wanawake walimpisha nafasi kwenye benchi wala hawakumwuliza kitu. Ukimya wao aliuelewa kuwa ni huruma. Kutoka pale, kupitia pengo la turubai, aliliona jukwaa lote.

Aliona na kile kiti. Telesia alikuwa ameketi, na miguuni pake imetandikwa nguo ya magome ambayo sehemu yake kubwa Kalasia aliigonga kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani ya jua, akimtabasamia kila mtu kama mgeni asiye na uhakika yuko kwenye shughuli ya nani. Hata kumchukia hakukuwezekana. Semisi alikaa chini yake, kichwa kainamisha, heshima tele, na mbele ya Telesia sigara haikuonekana.

Kisha gitaa zikaanza, na Luseane akatoka kucheza.

Mabega yake yaling'aa mafuta ya nazi, miguu ilikuwa haionekani kusogea, na ile mikono, jamani, ile mikono. Kalasia aliacha majani mapajani. Ubeti wa kwanza ulipita, ukapita wa pili, na midomo yake ikafuata maneno bila sauti. Fahari ilimjaa kifuani pamoja na uchungu, asijue kipi ni kipi. Kiti wamechukua, alijiambia, lakini wimbo ni wangu, na ndani ya wimbo nipo. Ukafika ubeti wa mwisho, na waimbaji wakaimba:

*Telesia wa Oklandi,*
*shangazi aliyevuka bahari,*
*ndiye aliyekusuka nywele,*
*ndiye leo amekaa juu.*

Jina la mtu wazi, bila ua, bila upepo, kama tangazo la dukani. Ungeweza kuwacheka. Na Telesia hakuwahi kushika hata kitana cha yule mtoto. Lakini Kalasia hakuwa akisikiliza tena, alikuwa akitazama mikono. Kwenye lile neno bahari, Luseane alinyoosha mikono yote miwili pembeni akaifanya mawimbi, laini, kwa wakati wake barabara, viganja vikiinuka na kushuka pamoja na gitaa. Kisha akaigeuza kuelekea kwenye kiti na kuinamisha kichwa kwa tabasamu. Mchezaji anayeshtukizwa na neno geni hukwama, au hurudia mkono wa zamani. Luseane hakukwama. Mawimbi yale yalikuwa yamefanyiwa mazoezi mengi, tena mbele ya kioo.

Kalasia aliwageukia wanawake benchini. Wote walikuwa wameinamia majani.

"Nunia," alisema. "Ulijua?"

Nunia alivuta pumzi. "Luseane alikuja kwa waimbaji yeye mwenyewe, shoga yangu. Alisema ni wewe uliyeubadilisha. Alisema kiti umekiacha kwa hiari yako, kwamba unaona haya mbele ya wageni."

"Na wewe ukaamini?"

"Sikuamini. Nilinyamaza."

Angalau huyo alisema kweli. Kalasia alichukua kisu akaanza kumenya magimbi, ingawa ya kutosha yalikwisha kumenywa. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na kila mmoja hudhani nguo inayosemwa ni ya mwenzake.

Nje walikuwa wakishangilia. Baada ya muda turubai likasogea, Luseane akaingia bandani na mafuta yake na maua yake. Wanawake waliinuka mmoja mmoja, huyu kufuata maji, yule kufuata kuni, Nunia wa mwisho. Luseane akapiga magoti chini kwenye maganda ya magimbi.

"Shangazi," alisema. "Usiniwekee kinyongo."

Kalasia aliendelea kumenya. "Nimwekee nani kinyongo? Wakwe zako ndio waliokataa."

Luseane aliokota ganda la gimbi, akalivunjavunja.

"Au siyo wao?"

"Wao hawakusema kitu," Luseane akasema kwa sauti ndogo. "Hawakuuliza. Mimi ndiye niliyemwambia baba. Baba hakutaka. Alikaa siku mbili hasemi na mimi. Ndipo akaona, kama ni lazima usikie, basi usikie kwamba ni wakwe waliokataa."

"Na mimi nilikukosea nini, mwanangu?"

"Hukunikosea." Machozi yalikuwa yakimtiririka juu ya mafuta. "Nakwenda kuishi kwao, Oklandi. Wanapiga video, itakwenda kwa kila mtu wao. Sikutaka waanze kunijua kwa kicheko. Wewe huku unapendwa, shangazi, watu wamekuzoea. Kule hawajakuzoea."

"Kwa hiyo ukawapa Telesia."

"Ni siku moja tu."

Baba yake alisema maneno hayohayo. Kalasia alitambua kwamba sasa hivi hakuwa na hasira naye Semisi hata kidogo. Ndugu yake alikuwa ameingia ndani, akaketi kitandani, akajivunjia heshima ya maisha yake yote ili kumkinga huyu. Kumjua aliyekusaliti ni jambo moja. Kumbe aliyekusaliti ni yule uliyekuwa ukimwombea asijue, hilo ni jingine.

"Umekuja kutaka nini?" aliuliza.

Luseane alishika tumbo lake, chini ya mkeka mzuri wa sherehe aliofungwa kiunoni. "Nina mimba. Sitiveni tu ndiye anayejua. Shangazi, unajua inavyosemwa, dada wa baba akiwa na kinyongo mtoto hatoki salama. Nimeota vibaya mara nyingi. Weka mkono wako hapa. Sema neno jema."

Huko nje Kalasia alikuwa mwanamume wa kufichwa, na hapa, kwenye maganda, alikuwa shangazi kamili, mwenye uwezo wa kufunga tumbo la mtu.

"Fahu wako yuko kwenye kiti," alisema. "Kamwombe Telesia."

"Telesia hawezi."

"Kwa nini hawezi?"

"Kwa sababu siye shangazi yangu. Ni wewe."

"Basi kipaza sauti kile pale. Nenda kaseme hivyo, halafu urudi, nitaweka mikono yote miwili."

Luseane aligeuka akatazama kupitia pengo la turubai. Kalasia naye alitazama. Waliwaona wageni wa Oklandi wakiwa wameinua simu zao, wakimpiga picha Telesia akivishwa shada jingine la maua. Luseane alikaa hivyo mpaka wimbo mzima ukaimbwa ukaisha, na Kalasia alimngoja kwa moyo wote, kwa upumbavu wote wa mtu aliyelea. Kisha binti akainamisha kichwa.

Kalasia aliweka kisu chini, akafuta mkono wake kwenye gauni, akauweka juu ya lile tumbo.

"Mtoto azaliwe salama," alisema. "Awe na pumzi, awe na macho, asikose maziwa. Yeye hana kosa."

Luseane alilia kwa nguvu. "Na mimi, shangazi?"

Kalasia aliuondoa mkono. Alitaka kusema jambo la huruma, lilikuwapo karibu kabisa na ulimi, akalitafuta, likakataa kutoka.

"Wewe sijui," alisema. "Wewe sina neno lako."

Kwenye kipaza sauti mtu alikuwa akimwita bibi harusi aje kwenye keki, akaita tena, watu wakaanza kupiga makofi ya kumharakisha. Luseane alijifuta uso kwa viganja. Aliinuka, akainama kuyapangusa magoti yake ganda baada ya ganda, asije mtu akajua alikuwa amepiga magoti kwa nani, kisha akasogeza turubai, akatoka akitabasamu.